Kufuatilia mabadiliko ya misitu ya Nyanda za Juu Kusini kwa picha za setilaiti: mwongozo kamili

Mwezi wa Machi, Mufindi yote ni kijani ukiitazama kutoka angani: msitu wa asili, misindano ya Sao Hill, mashamba ya chai, mahindi, hadi nyasi za kando ya barabara. Anayeanza kujifunza kazi hii huchukua picha ya mwezi kama huo, hupiga hesabu ya ukijani, kisha hutoa ramani inayosema hakuna kilichokatwa. Hesabu yake ni sahihi, ila amepima ukijani wakati aliulizwa kuhusu msitu. Karibu kila kosa linalofanyika kwenye kazi hii katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Njombe linaanzia hapo, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu namna ya kulikwepa.

Umeandikwa kwa ajili ya ofisa misitu wa wilaya, mwanafunzi, au mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji mwenye kompyuta ndogo na kifurushi cha intaneti cha kawaida.

Amua kwanza unatafuta nini

Kwa vigezo ambavyo Tanzania imevitumia kuripoti hali ya misitu yake kimataifa, msitu ni eneo la angalau hekta 0.5, lenye miti inayoweza kufikia mita 3, na vivuli vya miti hiyo vinafunika angalau asilimia 10 ya ardhi. Andika kigezo utakachotumia kabla hujafungua picha yoyote. Kwa kigezo hicho shamba la milingoti nalo ni msitu, na pori la miombo lililokatwa nusu kwa ajili ya mkaa bado ni msitu. Kama unachotaka kujua ni msitu wa asili uliopotea, basi sema hivyo tangu mwanzo, maana mbinu zitabadilika.

Pima pia ukubwa wa unachokitafuta dhidi ya pikseli, yaani kile kimraba kidogo kabisa cha picha. Pikseli ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ina mita 10 kwa 10, kwa hiyo eka moja hubeba pikseli 40 hivi. Pikseli ya Landsat, setilaiti za Marekani, ina mita 30 kwa 30, na eka moja hubeba nne na nusu tu. Mti mmoja mkubwa wenye kilele cha mita 10 ni pikseli moja ya Sentinel-2. Aliyekata mti mmoja wa mbao katikati ya Udzungwa hutamwona kwa picha hizi za bure. Aliyefyeka robo eka utamwona vizuri.

Picha za kutumia

Sentinel-2 ndiyo ya kuanzia. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo huo ilirushwa mwaka 2015, ya pili 2017, na mbili zikifanya kazi pamoja kila eneo hupigwa picha kila siku 5. Kwa miaka ya nyuma kuna Landsat, inayofika hadi mwaka 1984 kwa pikseli za mita 30. Kila setilaiti yake hurudi eneo lilelile baada ya siku 16, na sasa Landsat 8 na 9 zikipokezana ni siku 8. Sentinel-1 ni ya rada, huona hata kukiwa na mawingu. Zote ni bure.

Usipakue picha nzima nzima. Kipande kimoja cha Sentinel-2 kina upana wa kilomita 110 na uzito wa mamia ya megabaiti, na utahitaji vipande vingi kwa kila msimu. Tumia Google Earth Engine, ambako hesabu hufanyika kwenye kompyuta zao na wewe unapakua jibu tu. Kujisajili ni bure kwa kazi zisizo za biashara. Ramani ya mwisho uitengeneze kwenye QGIS, nayo ni ya bure na haihitaji intaneti ukishaiweka.

Majira ndiyo kila kitu

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na upande wa Rungwe na Kyela huendelea hadi Mei. Baada ya hapo ni kipupwe, kisha kiangazi na moto wa nyika hadi mvua zinaporudi. Kila aina ya msitu ina dirisha lake ndani ya mzunguko huo.

Misitu ya milimani isiyopukutisha majani, kama ya Mlima Rungwe, Livingstone na Udzungwa, itazame kati ya Juni na Septemba. Wakati huo mahindi yamevunwa, nyasi zimekauka, na kinachobaki kijani juu ya mlima ni miti kwa sehemu kubwa.

Miombo ya Chunya na ile ya maeneo ya chini ya Iringa haifai kutazamwa Agosti. Imepukutisha, chini kumeungua, na pori zima lililo salama litaonekana kama limefyekwa. Kisha Septemba na Oktoba, kabla hata ya mvua, miombo huchipua majani mapya mekundu na ya kijani, na hapo ramani inageuka tena. Dirisha lake ni kuanzia katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni: nyasi zimeanza kuwa kahawia, miti bado ina majani, moto haujaanza, na mawingu yanapungua. Ukilazimika kuchelewa, usivuke Juni.

Linganisha dirisha lilelile mwaka hadi mwaka. Mei 2019 dhidi ya Mei 2024 ni sawa. Mei 2019 dhidi ya Agosti 2024 ni kupima msimu. Hata hivyo miaka haifanani. Msimu wa 2023/24, mwaka wa El Niño, ulikuwa na mvua nyingi, na uoto wa 2024 ukiulinganisha na wa mwaka mkavu unaonekana umeongezeka hata pasipopandwa kitu. Dawa yake ni kuchagua eneo la msitu unalojua halijaguswa, tuseme katikati ya hifadhi, ukapima limebadilika kiasi gani kati ya miaka hiyo miwili, kisha ukaondoa kiasi hicho kwenye ramani nzima. Kama fahirisi ya msitu usioguswa, yaani namba inayopima uoto na itakayoelezwa mbele, imepanda kwa 0.04, basi 0.04 hiyo ni ya mvua.

Mawingu, moshi na vivuli vya milima

Kwenye Earth Engine ita mkusanyiko COPERNICUS/S2_SR_HARMONIZED. Neno hilo la mwisho lina maana kubwa: kuanzia Januari 25, 2022, namba za Sentinel-2 ziliongezewa 1,000 wakati wa kuchakatwa, na mkusanyiko huu umeshairekebisha tofauti hiyo. Ukitumia ule wa zamani usiorekebishwa, ramani yako itaonyesha msitu wa nchi nzima ulibadilika ghafla mwaka 2022. Kumbuka pia kwamba tarehe ya mwisho unayoandika haihesabiwi: ukitaka Septemba 30 iwemo, andika Oktoba 1.

Kosa linalofuata ni kuchagua picha zenye mawingu chini ya asilimia 10 au 20. Asilimia hiyo ni ya kipande kizima cha kilomita 110. Picha inaweza kuwa na mawingu tele juu ya Ziwa Nyasa huku Rungwe ikiwa wazi, nawe umeitupa. Ruhusu hadi asilimia 80, kisha ondoa mawingu pikseli kwa pikseli kwa kutumia Cloud Score+, mkusanyiko wa Earth Engine unaoipa kila pikseli alama ya uwazi wake: chukua bendi yake (tabaka lake) ya cs_cdf na ubakize pikseli zenye 0.60 kwenda juu. Zinazobaki zipange kwa kila pikseli na uchukue thamani ya katikati. Kati ya Juni 1 na Septemba 30 setilaiti hupita mara 24 hivi, lakini kwenye miteremko ya kusini ya Rungwe, ambako hewa yenye unyevu hupanda kutoka ziwani na kugeuka wingu kabla ya adhuhuri, pikseli moja inaweza kubakiwa na picha tatu. Tengeneza ramani ya idadi ya picha zilizobaki. Palipo na chini ya tano, paache bila jibu na upachore kijivu. Ramani yenye kijivu ni ya kuaminika zaidi kuliko iliyojazwa kwa kubahatisha.

Vivuli navyo vina kanuni yake. Sentinel-2 hupita kwetu karibu na saa tano asubuhi. Jua liko mashariki, na mwezi wa Juni na Julai liko pia kaskazini mwetu, kwa hiyo miteremko inayotazama kusini-magharibi huwa gizani. Ukuta wa Milima ya Livingstone unaoshukia Ziwa Nyasa unatazama upande huohuo. Kwa eneo hilo sogeza dirisha hadi Septemba, jua likiwa limepanda, na ukubali kupambana na moshi kidogo. Moshi huchafua zaidi bendi ya mwanga mwekundu kuliko zile za infraredi ya mawimbi mafupi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, na hiyo ni sababu mojawapo ya uchaguzi wa fahirisi unaofuata.

Hesabu yenyewe

Fahirisi inayojulikana na wengi ni NDVI: toa B4 kutoka B8, gawanya kwa jumla yake. B4 ni mwanga mwekundu, B8 ni infraredi ya karibu. Inafaa sana kwa nyasi na mazao, lakini kwenye msitu mnene hufika 0.8 au 0.9 na kukwama hapo. Mbaya zaidi, palipofyekwa kwenye mlima wenye mvua hujaa vichaka na majani mapana ndani ya msimu mmoja, na NDVI hurudi juu kana kwamba miti imerudi.

Kwa msitu tumia NBR: B8 toa B12, gawanya kwa jumla yake. B12 ni infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo humezwa na maji yaliyo kwenye majani na hupungua pia kwa vivuli vya ndani ya msitu wenye ghorofa nyingi. Msitu mnene wa asili kwa kawaida hukaa 0.6 kwenda juu. Ardhi iliyolimwa hushuka karibu na sifuri. Kichaka kipya nacho ni kijani, lakini mara nyingi hakifikii namba ya msitu wenyewe, kwa hiyo jeraha huonekana kwa muda mrefu zaidi. B12 ina pikseli ya mita 20, hivyo usitegemee umbo sahihi la kitu kidogo kuliko hapo.

Toa NBR ya mwaka wa pili kutoka ya mwaka wa kwanza. Namba kubwa chanya ni upotevu. Sasa unahitaji kizingiti, yaani namba ambayo kuanzia hapo unahesabu upotevu, na hapa watu wengi hunakili viwango vilivyotengenezwa kwa moto wa misitu ya Marekani. Tafuta chako. Chukua sehemu 30 unazojua zilifyekwa na 30 unazojua ziko salama, uzichore ujue namba zake zinaangukia wapi, kisha ukate pale makundi mawili yanapogawanyika. Kwa msitu wa milimani anza kujaribu na 0.25. Kwa miombo tegemea kizingiti cha chini zaidi na mwingiliano mkubwa zaidi, kwa sababu nyasi na udongo vinaonekana kati ya miti.

Moto wa chini ya miombo husawijisha ardhi na kushusha NBR, ilhali miti imesimama na mvua ikirudi pori linapona. Kwa hiyo weka hatua mbili: doa lililoonekana mwaka mmoja liite dalili, na likionekana tena kwenye dirisha la mwaka unaofuata liite limethibitika. Madoa yenye pikseli chini ya 10 yaondoe, isipokuwa unatafuta matanuru ya mkaa.

Unapopakua, andika ukubwa wa pikseli wewe mwenyewe. Usipoandika, Earth Engine hutoa ramani ya pikseli za mita 1,000 bila kulalamika, na hekta zako zote zitakuwa za kubuni. Mbeya, Njombe, Mufindi na mji wa Iringa ziko kanda ya 36 Kusini ya mfumo wa ramani wa UTM, ambayo namba yake kwenye programu ni EPSG:32736. Ukivuka nyuzi 36 mashariki, kuelekea Udzungwa, ni EPSG:32737. Na mipaka ya hifadhi iliyochorwa kutoka ramani za zamani za karatasi mara nyingi iko kwenye mfumo wa Arc 1960. Ukiifungua kama WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, itasogea kiasi cha mita 300, na mkulima aliye nje ya mpaka ataonekana amelima ndani. Kosa hili linaweza kumbebesha mtu kesi, likague mara mbili.

Misindano, chai, vinyungu

Sasa una madoa, na mengi yanaweza yasiwe msitu wa asili. Misindano iliyovunwa ina alama zake: kingo zilizonyooka, barabara za kuzuia moto, na eneo kubwa kuondoka kwa mkupuo. Misindano iliyosimama huwa myeusi zaidi kuliko msitu wa asili kwenye B8, chai huwa nyangavu zaidi na laini kama zulia. Usitegemee kompyuta itenganishe yote hayo peke yake. Chora kwa mkono mipaka ya mashamba makubwa ya miti na chai, uyatenge kabla ya kuhesabu. Miti ya wakulima wadogo ya nusu eka, milingoti na miwati iliyochanganyika na viazi, ndiyo migumu kweli. Hiyo itazame kwenye picha za karibu za Google Earth Pro, ukirudisha nyuma kitufe cha miaka. Shamba la miti huonekana likipanda kutoka udongo mtupu hadi mistari, hadi kivuli kimoja. Msitu wa asili haukuwahi kuwa na mistari.

Vinyungu vina kosa lao la kinyume. Bustani hizo za mabondeni huwa kijani Agosti wakati kila kitu kimekauka, na zikitanuka kandokando ya kijito zinaweza kufunika kabisa upotevu wa miti ya kingoni. NDVI huita hali hiyo ongezeko la uoto. Pita kwa macho kila bonde.

Mahali pa kutazama kwa bidii ni penye ushoroba mwembamba. Bujingijila, panapounganisha msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone, eka chache zikiondoka zinatenganisha makazi ya kipunji, kima aliyetangazwa kwa sayansi mwaka 2005 na asiyeishi popote duniani ila Rungwe–Kitulo na Ndundulu kule Udzungwa. Mahali kama hapo usiondoe madoa madogo.

Rada, na miaka ya nyuma

Palipobaki kijivu tumia Sentinel-1, bendi ya VH, yaani mawimbi yaliyotumwa wima na kupokelewa kwa mlalo. Msitu ukifyekwa, mwangwi hushuka desibeli 2 au zaidi, lakini mvua ikilowesha udongo hupanda tena na kuficha ufyekaji. Linganisha siku za kiangazi tu, kwa upande mmoja wa mapito, ama setilaiti ikielekea kaskazini ama ikielekea kusini. Kwenye makorongo makali rada hukunja picha, huko iache.

Kwa historia ndefu, Landsat. Picha za miaka ya 1990 kwa eneo letu ni chache, na Landsat 7 ina mistari mitupu kuanzia Mei 31, 2003, kifaa chake kimoja kilipoharibika. Hiyo ni takriban asilimia 22 ya kila picha. Namba za Landsat za mkusanyiko wa pili zizidishe kwa 0.0000275 kisha utoe 0.2 kabla ya kukokotoa chochote. Kwa kufuatilia kila mwaka tumia LandTrendr, inayochora mstari wa kila pikseli na kuonyesha mwaka ulipovunjika. Ramani ya dunia ya upotevu wa miti inayoonekana kwenye Global Forest Watch ni nzuri kwa kuanzia, ila huhesabu uvunaji wa misindano kama upotevu, na mbinu zake zimebadilika njiani, hivyo usilinganishe miaka yake ya mwanzo na ya karibuni ukasema ukataji umeongezeka.

Kwenda kwenye eneo

Omba kibali kwa Wakala wa Huduma za Misitu kama ni hifadhi ya serikali, na upite ofisi ya mtendaji kama ni msitu wa kijiji. Chagua madoa kwa kura, usichague yaliyo karibu na barabara. Simama katikati ya doa, angalau mita 20 kutoka ukingoni, kwa kuwa GPS ya simu chini ya miti hukosea mita 10 na zaidi. Andika tarehe, kilichopo, visiki na vipimo vyake, dalili za moto au tanuru, kisha piga picha nne: kaskazini, mashariki, kusini, magharibi. Nenda pia mahali ambapo ramani inasema hakuna kilichobadilika. Hapo ndipo makosa makubwa yanapojificha, na hesabu ifuatayo inaonyesha kwa nini.

Tuseme eneo lako ni hekta 20,000, na ramani inasema hekta 400 zimefyekwa. Umekagua alama 100, yaani nukta zilizochaguliwa kwa kura, ndani ya hizo 400, na 80 ni kweli. Umekagua alama 300 kwenye hekta 19,600 zilizobaki, na 3 zimekutwa zimefyekwa. Sehemu ya kwanza inatoa 400 mara 0.80, yaani hekta 320. Ya pili inatoa 19,600 mara 0.01, yaani hekta 196. Jumla ni 516, si 400. Alama tatu tu zimeongeza karibu hekta 200.

Kiasi cha shaka kinapatikana hivi: kwa kila sehemu zidisha eneo lake kwa lenyewe, kisha zidisha kwa uwiano uliopata na kwa kilichosalia kufikia moja, gawanya kwa idadi ya alama ukitoa moja. Jumlisha mbili hizo, tafuta kipeuo cha pili chake, zidisha kwa 1.96. Hapa inatoka hekta 223. Ripoti inaandikwa hekta 516, kuongeza au kupunguza 223, na asiyeridhika na upana huo anaongeza alama kwenye sehemu ya pili.

Nakala ya kijiji ichapwe kwenye karatasi ya A3, ikiwa na majina ya vijito na vitongoji kama wenyeji wanavyoyaita, tarehe za madirisha yote mawili, na yale madoa ya kijivu yakiwa yameandikwa wazi: hapa hatujaona.